Debian 11 kwenye seva ya duka la dagaa: kifurushi kimoja kilivyoniletea kerneli nisiyoiomba

Tangu mwaka 2022 nimekuwa nikitumia Debian 11, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kwenye seva ndogo ya duka la jumla la dagaa, hatua chache kutoka Mwaloni Kirumba jijini Mwanza. Tathmini hii inahusu jambo moja tu la mfumo huo, nalo ni namna apt, yaani programu inayosimamia vifurushi vya programu nyingine, inavyofikia uamuzi wa kuweka kerneli fulani, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vyote, kwenye kompyuta hata pale ambapo mtumiaji hakutaja kerneli yoyote.

Seva yetu hupokea uzito kutoka kwenye mizani kila gunia linapopimwa, na hutunza hesabu za duka. Mizani imeunganishwa kupitia kadi ya ziada ambayo draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kerneli kuitumia kadi hiyo, haimo katika kerneli za Debian. Kwa sababu hiyo, fundi aliyetuuzia mashine alijenga kerneli yake mwenyewe, toleo la 5.9, akaiweka moja kwa moja kwenye /boot, folda ambamo kerneli hukaa, bila kuitengenezea kifurushi. Ilifanya kazi kwa miezi mingi bila tatizo, nami sikuona sababu ya kuigusa.

Baadaye tulihitaji njia salama ya kuunganisha duka na ghala letu la Nansio, Ukerewe, ili orodha ya mzigo itufikie kabla mzigo wenyewe haujavuka ziwa. Nilichagua WireGuard, ambayo Jason Donenfeld aliibuni na ambayo imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Kerneli yetu ya 5.9 ilikuwa nayo tayari, kwa hiyo nilitarajia kupakua vifaa vidogo tu vya kuiendesha. Niliandika apt install wireguard, orodha ikatokea, nikakubali. Nilishangaa kidogo kuona bando likipungua kwa makumi ya megabaiti, lakini njia ya kwenda Nansio ilifunguka siku hiyohiyo na sikuchunguza zaidi.

Siku chache baadaye umeme ulikatika usiku. Asubuhi seva ilijiwasha yenyewe, na mhasibu akanipigia simu: «Kaka, mizani inapima, lakini kwenye kompyuta haiandiki kitu.» Wachuuzi walikuwa wamepanga foleni na magunia yalikuwa yakiandikwa kwenye daftari. Nilikagua nyaya na kadi, kisha nikaandika uname -r, amri inayotaja kerneli inayotumika wakati huo. Jibu lilianza na 5.10.0 na kuishia na rt-amd64. Hiyo ni kerneli ya Debian iliyoandaliwa kwa mashine zinazohitaji majibu ndani ya muda usioyumba, kama mitambo ya viwandani na vifaa vya kurekodia sauti. Draiva ya kadi yetu ilikuwa imejengwa kwa ajili ya 5.9, hivyo haikuweza kupakiwa humo.

Sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa maana ndiyo iliyonifundisha mfumo huu kuliko mwongozo wowote. Katika Debian 11, kifurushi cha wireguard hutegemea wireguard-tools, na pia hutegemea wireguard-modules au, kama mbadala, wireguard-dkms. Hakuna faili linaloitwa wireguard-modules. Hilo ni jina tupu ambalo vifurushi vingine hutangaza kwamba vinaweza kulijibu, na wanaolitangaza ni kerneli za Debian zenyewe: ile ya kawaida, ile ya kwenye wingu na ile ya rt. Apt haichunguzi kama kerneli inayoendesha mashine wakati huo ina WireGuard au haina. Inasoma daftari lake la vifurushi vilivyowekwa. Kerneli ya fundi haikuwamo kwenye daftari hilo, kwa hiyo machoni pa apt mashine yetu haikuwa na WireGuard kabisa. Kifurushi cha wireguard hakikusema kinataka kerneli ipi, na apt ikachukua mojawapo ya waliotangaza jina. GRUB nayo, yaani programu inayochagua kerneli ya kuanza nayo mashine inapowashwa, inapopanga menyu, huweka mbele toleo kubwa zaidi, na 5.10 ni kubwa kuliko 5.9. Kilichochelewesha tatizo kuonekana ni kwamba seva ilikuwa haijazimwa.

Siilaumu apt kwa hesabu yake, kwani ilijibu sawasawa kulingana na ilichoandikiwa. Ninachokilalamikia ni jinsi inavyoonyesha: jina la kerneli mpya lilikuwa katika mstari uleule wa vifurushi vya kawaida, limepangwa kwa alfabeti, bila alama yoyote ya kumwambia msomaji kwamba hapa ndipo moyo wa mfumo unapobadilishwa. Jambo zito namna hiyo lilistahili mstari wake.

Asubuhi ile niliwasha seva tena, nikachagua 5.9 kwenye menyu ya GRUB, na mizani ikarudi kuandika. Kisha niliondoa kerneli ya rt pamoja na kifurushi cha wireguard kwa amri moja, kwa sababu ningeondoa kerneli peke yake apt ingeweza kuleta nyingine ili kukidhi utegemezi uleule. Nilichobakiza ni wireguard-tools, nikaiweka kwa chaguo la --no-install-recommends ili mapendekezo yake yasifungue mlango huohuo.

Hata hivyo, kubaki na kerneli isiyopata masasisho ya usalama kwenye mashine inayopokea mawasiliano kutoka nje hakukuniridhisha. Nilimwomba mtengenezaji wa kadi msimbo chanzo wa draiva, nikauandaa kwa DKMS, programu inayoijenga draiva upya kila kerneli mpya inapowekwa, kisha nikaweka linux-image-amd64 na linux-headers-amd64. Hicho cha kwanza hakina kerneli ndani yake. Kazi yake ni kutegemea kerneli ya kawaida ya karibuni, na toleo jipya linapotoka hubadilisha kerneli kinayoitegemea, hivyo kerneli mpya huwekwa kando ya ile ya zamani. Cha pili ni cha lazima kwa mwenye draiva kama yetu, kwa sababu bila vichwa vya kerneli husika, yaani mafaili ya kujengea draiva, DKMS haiwezi kuijenga draiva. Anayetumia apt-get upgrade ajue pia kwamba amri hiyo haiongezi vifurushi vipya, kwa hiyo kerneli mpya huzuiliwa. Apt upgrade huiruhusu.

Siku hizi, kabla ya kuweka chochote, ninaandika apt-get -s install na jina la kifurushi, nikitafuta mstari wowote unaoanza na Inst linux-image. Zoezi hilo halibadilishi kitu kwenye mashine, na halimalizi bando. Kerneli yetu imeshasasishwa mara kadhaa tangu hapo, kila mara usiku baada ya duka kufungwa, na DKMS imeijenga draiva bila mimi kuigusa. Kila asubuhi inayofuata nimesimama pembeni ya mizani hadi gunia la kwanza lionekane kwenye skrini, kisha nikafungua orodha ya Nansio.