Kiota cha mbuni na kiota cha kanga: uwanja wazi au nyasi ndefu?

Wote wawili hutaga chini, ila mbuni huchagua uwazi na kanga hujificha.

Mbuni dume huparua shimo la kina kifupi, na majike kadhaa hutaga humo. Hapo fisi huonekana angali mbali. Lakini mayai nayo yamo peupe: tumbusi wa Misri, ndege ambaye sasa ni adimu, huokota jiwe kwa mdomo na kulirusha juu ya yai mpaka ganda livunjike. Jua ni adui mwingine. Weupe wa yai hurudisha mwanga, hivyo halipati joto kali haraka. Jike huatamia mchana, dume mweusi usiku, kwa takriban siku 42. Huo ni muda mrefu wa kunusurika.

Kanga jike huatamia peke yake, siku 26 hadi 28 tu, na madoa yake humficha vizuri mno. Tatizo ni kwamba kinga yake yote ni nyasi, na nyasi ni mvua. Masika ikichelewa, au ng'ombe wakilisha hadi udongo ukaonekana, hana pa kutagia. Mvua ikizidi, vifaranga hulowa kwenye majani na kufa kwa baridi.

Kwa maoni yangu kanga ndiye anayeitegemea zaidi hali ya hewa, na ndiye tunayeweza kumsaidia kwa urahisi: ukingo wa shamba usichomwe wakati anaatamia.