Wakili wa leseni anayesoma sheria ndogo kutoka mwisho

Ofisi hii ya wakili naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na karani wa mapokezi, nitamfikia.

Mimi ni fundi cherehani. Niliomba kuhuisha leseni ya karakana, halmashauri ikanijibu kwa sentensi moja tu: ombi halijakubaliwa. Sababu hakuna. Nikaenda kwa wakili hasira zimepanda, hotuba yangu kuhusu ada kubwa ya leseni iko mdomoni. Hakuitaka. Alichukua nakala ya sheria ndogo ya halmashauri niliyombebea, akaigeuza, akaanza na ukurasa wa mwisho: nani katia saini, imetangazwa rasmi lini, inataja kifungu gani cha sheria mama, yaani ile inayoipa halmashauri mamlaka ya kuitunga. Halafu akaivuta barua yangu na kuweka kalamu pale sababu ilipotakiwa kuwa. "Kesi yako iko hapa mama, siyo kwenye ada."

Hapo ndipo hela yako inapofanya kazi. Kwenye mapitio ya mahakama, yaani kesi ya kupinga uamuzi wa mamlaka ya umma, jaji haulizi kama sharti linakuumiza. Anauliza kama aliyelitunga alikuwa na mamlaka, kama utaratibu ulifuatwa, kama ulipewa nafasi ya kusikilizwa. Wanaokuja na "hili sharti halina akili" wakili anawapa kesi ya mwaka 1947, wenye sinema dhidi ya halmashauri ya Wednesbury, Uingereza. Waliruhusiwa kuonyesha sinema Jumapili, ila mtoto wa chini ya miaka 15 asiingie hata akiwa na mzazi. Walishindwa. Mahakama haikujali kama sharti ni zuri. Ingeliingilia tu kama hakuna mamlaka yoyote yenye busara ingeweza kuliweka.

Swali la wakili lililofuata lilinikosha zaidi: wenye karakana kama yako, wao wamepewa? Akanisimulia habari ya Yick Wo, kesi ya dobi Mchina wa San Francisco. Sheria ya mji ilidai kibali kwa kila dobi aliye kwenye jengo la mbao, haikutaja asili ya mtu. Kwenye utekelezaji, Wachina wapatao 200 walinyimwa na wasio Wachina karibu 80 wakapewa. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua upande wa dobi. Basi nikatumwa kutafuta nakala za leseni za majirani kabla yeye hajaandika hata mstari.

Wakili aliomba pia zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha uamuzi mpaka kesi iishe. Wengi hulisahau hili, kesi inasonga huku kufuli liko mlangoni na wateja wamehamia kwa mwingine.

Kitu kingine, alinieleza kabla sijalipa chochote kwamba nikishinda sitatoka mahakamani na leseni. Uamuzi unafutwa, ombi linarudi halmashauri, nao wanaweza kukataa tena ilimradi watoe sababu. Nilishinda, na ombi likarudi kama alivyosema. Nikaitwa kwenye kikao, nikahojiwa, leseni ikatoka na sharti la mlango wa dharura. Mlango huo nimeujenga kwa hela yangu, na bado nanung'unika.

Sasa karani. Kila nakala unalipia pembeni, na hakuna anayekwambia mpaka bili ije. Hati yangu ya kiapo ilichapwa jina likiwa na herufi pungufu, ikabidi turudi kuapa upya. Simu mchana usipige, haipokelewi.

Kama barua ya kukataliwa unayo mkononi, usiilalie. Muda wa kufungua maombi haya ni mfupi. England na Wales mwisho ni miezi 3, kwako muulize wakili siku ya kwanza. Kama tatizo lako ni ada kubwa tu, atakuambia mwenyewe uende kwa diwani, na ushauri huo hatakutoza.