TAHADHARI: Jamaa wa "lete bodi ya 109, ondoka na gari"

Wakuu, nilitaka kuandika hii wiki iliyopita nikaona nitatukana tu na sitamsaidia mtu. Leo nimepoa kidogo. Wenye bodi za Land Rover 109 zilizolala uani, za baba au za babu, someni kabla hamjamtumia mtu hela.

Bodi yenyewe ni ya marehemu mzee wangu. Pikapu, Series III. Pale kwetu Kilimanjaro ilibeba kahawa, mbolea, maharusi na majeneza, mpaka chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari lote, ikaliwa na kutu. Wanaozijua hizi gari wanaelewa. Bodi ni aluminiamu, inadumu. Chesisi ni chuma cha boksi, tope likishaingia ndani halitoki, basi inaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Mzee alipoondoka, gari lilibaki chini ya mparachichi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Halafu likaja lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024. Nilikwenda kutazama tu, nikarudi nyumbani usingizi hauji.

Ndipo nikakutana na tangazo: "Lete bodi ya 109, ondoka na gari. Chesisi ya Hilux Vigo, injini ya 2KD, pawa stelingi, diski mbele. Siku 45." Yaani bodi ya Land Rover inavishwa juu ya chesisi na injini ya dizeli ya pikapu ya Toyota. Nikapiga simu. Jamaa sauti ya upole, "shikamoo kaka" nyingi ingawa kiumri tunalingana, akaniuliza na hali ya mama. Bei milioni 18, nusu mbele. Nilikwenda kwenye yadi yake mwenyewe, sikununua mbuzi kwenye gunia, au ndivyo nilivyojiambia. Pale palikuwa na 109 moja ya kijivu, imekamilika, imekaa vizuri kweli. Akanizungusha nayo mtaani. Nikatoa milioni 9 siku ileile, kesho yake fuso ikabeba bodi ya mzee.

Lile la kijivu, nimekuja kujua baadaye, lilitengenezwa na fundi mwingine kabisa. Pale lilikuja kupakwa rangi tu.

Ninavyojilaumu ni hapa: kila nilipoomba kuiona chesisi peke yake, kabla ya kuvishwa bodi, haikuonekana. Mara ipo kwa welda. Mara rangi haijakauka. Mara yeye amesafiri na ufunguo wa geti anao. Badala yake zinakuja picha, tena zimepigwa toka juu, sehemu ya kati imefunikwa turubai. Mimi nikaona ni usumbufu wa mafundi wa kawaida, si mnajua fundi na ahadi. Nikaongeza milioni 5. Siku ya 70 na kitu akanipigia: gari tayari, njoo na iliyobaki. Nikamalizia, nikaliwasha, likawaka mara moja. Njiani kurudi nilikuwa naimba.

Sasa niwaeleze kazi hii inavyotakiwa kuwa, maana utapeli wote umejificha kwenye hesabu ambayo mimi sikuipiga.

109 inaitwa 109 kwa sababu ndiyo inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ni milimita 2769. Hilux Vigo ni milimita 3085. Tofauti ni milimita 316, zaidi ya rula ya shule. Kwa hiyo mtu akikwambia "inakaa tu, bolti kwa bolti", ujue anadanganya. Ama unasogeza na kutengeneza upya sehemu ya matairi kwenye bodi ya nyuma, ama unarefusha bodi, ama unaikata chesisi na kuifupisha. Na bado kuna upana: Toyota ni pana, matairi yatachungulia nje karibu sentimita 10 kila upande, lazima uyatengenezee madigadi. Mikono ya kubebea bodi nayo haipo mahali pake, inabidi itengenezwe mipya na kuwekewa raba, kwa sababu aluminiamu ikigusana na chuma tupu na maji yakapita, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Kukata chesisi si dhambi. Watu wanakata na wanafanya vizuri. Ila mkato hauwi wa moja kwa moja kama wa kukata mkate. Unakatwa mshazari au kwa ngazi, kunaingizwa chuma ndani ya boksi cha kushika pande zote mbili, pembeni panawekwa sahani za chuma nene, na anayechomelea awe mtu anayejua moto umeingia mpaka ndani. Kazi hiyo ina gharama, na ndiyo jamaa yetu anayoiruka.

Wiki mbili baadaye nikasikia mlio. Ukipita tuta, "kwaa", kama mtu anavunja kuni. Nikampelekea mjomba, fundi wa zamani, Land Rover anazijua tangu enzi za mashirika ya umma. Hakuniuliza kitu. Alichukua sumaku ya spika mbovu na futi ya kupimia, akaanza kuzunguka. Sumaku kwenye madigadi ya mbele: inateleza, sawa, aluminiamu. Kwenye mlango: ngozi ya nje inateleza, fremu inashika, sawa. Akafika kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, pale ambapo sumaku lazima ing'ang'anie. Ikadondoka. Akairudisha, ikadondoka tena. Akachukua bisibisi, akasukuma kidogo tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Ilikuwa putty, ile ya kujazia mashimo ya bodi kabla ya rangi, tena nene kama andazi, na chini yake matambara. Yaani kutu ya mzee haikuguswa, imefunikwa. Na bawaba za milango zinashikwa na huo ukuta, jamani.

Kisha akaingia chini na tochi. Akanyamaza muda mrefu. Akaniita, "Mwanangu, njoo ulale hapa."

Nyuma kidogo ya kabini, pande zote mbili, mahali pamoja, chesisi ilikuwa na mstari ulionyooka kama wa kalamu. Imekatwa wima, ikasogezwa, ikachomelewa kwa juu juu, ikapigwa grenda ili ilainike, ikapakwa rangi nyeusi nzito ya chini ya gari. Upande wa kushoto mstari ulikuwa umeshafunguka, ukucha unaingia. Ule mlio wa "kwaa" ulikuwa huo. Mimi nilishabeba humo mama na wajukuu wake kwenda kanisani.

La stelingi sitalirefusha, linanitia kichefuchefu. Shafti ya usukani ya Land Rover na reki ya Toyota inayogeuza matairi haviko kwenye mstari mmoja, panatakiwa viungo vya krosi na beringi ya kushikilia katikati. Huyu aliunga shafti mbili kwa kipande cha nondo. Nondo ya kujengea, yenye mikunjo yake.

Tukaja kwenye namba. Hata kama hamkunisikiliza kwingine kote, hapa nisikilizeni. Kwenye 109 kuna kibao kilichopigiwa ribiti kwenye bodi, na kuna namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele kulia, kwenye mkono wa springi. Bodi ikihama, kibao kinahama nayo, chesisi ya zamani inabaki na namba yake inakotupwa. Hilux nayo ina namba yake iliyogongwa kwenye fremu upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Mjomba akasugua pale kwa brashi ya waya na petroli. Palikuwa na bonde la grenda, laini, na juu yake namba za Land Rover ya mzee zimegongwa kwa mkono, tena herufi moja imepinda. Kwa maneno mengine, chesisi ya Toyota imefutwa jina na kubatizwa jina la marehemu baba yangu.

Kwa nini mtu afute namba ya chesisi aliyoinunua kihalali? Nawaachia wenyewe. Ila fikirieni nimesimamishwa na trafiki, kadi ya gari inasema Land Rover, petroli, cc 2286, akifungua boneti anakuta Toyota ya dizeli, cc 2494, na namba iliyochezewa. Anayepelekwa kituoni ni anayeendesha. Nilikwenda mwenyewe polisi kabla sijapelekwa, nikaandikisha, nina RB. Gari lipo kituoni, uchunguzi unaendelea, na bodi ya mzee ipo juu yake. Ukibadili chesisi na injini kihalali, una karatasi za ununuzi au za forodha za hiyo chesisi, unaomba TRA wabadili taarifa kwenye kadi na gari linakaguliwa. Jamaa alipoulizwa karatasi alisema "hiyo haina shida, kadi yako si ipo?" Ningeshtuka siku ile ile. Sikushtuka.

Baada ya kuulizia tumejuana watatu, njia ni ileile. Wote tulionyeshwa gari la mtu mwingine. Wote turubai. Wote hatukupewa risiti, hela zilipita kwenye namba ya simu iliyosajiliwa jina la mwanamke. Mmoja hata gari hakupata, bodi yake iliuzwa milango na boneti kwa vipande, akaambiwa iliibwa usiku. Tangazo sasa limebadilishwa jina na picha, na safari hii anasema chesisi ni ya Prado, ila maneno ni yaleyale: lete bodi, ondoka na gari, siku 45. Jina na namba yake siandiki hapa kwa sababu suala liko polisi na afande amenisihi.

Nikiulizwa sasa ningefanya nini: ningedai kuiona chesisi ikiwa tupu, haijapakwa rangi, bodi ikiwa pembeni, na ningekwenda na fundi wangu si wake. Ningepima mwenyewe kutoka katikati ya hab (kitovu cha tairi) ya mbele hadi ya nyuma, kisha nimuulize hizo milimita 316 zimekwenda wapi na anioneshe. Ningepiga picha namba ya fremu kabla ya senti yoyote, na kuilinganisha na karatasi. Akikataa hata kimoja, nabeba bodi yangu naondoka, kuku waendelee kutaga.

Kuna bodi moja pale yadi, ya kijani, sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo imepigwa pasi na mlango wa kushoto umebonyea karibu na kitasa, ndani ya boneti pameandikwa jina la shamba kwa rangi nyeupe. Jumanne ilikuwa bado nzima, imeegemezwa ukutani nyuma ya kontena. Kama ni yako, usipige simu kwanza. Nenda na fuso.