Kudai marejesho ya VAT Uingereza kwa kampuni ya Afrika Mashariki: uzoefu wangu

Kwa kampuni ya Tanzania au Kenya inayopeleka wafanyakazi London kwenye maonyesho kama World Travel Market ya kila Novemba, huduma ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ya kurejesha VAT kwa biashara za nje naipa nyota nne kati ya tano. Fomu yake, VAT65A, mhasibu wa kawaida anaijaza bila shida. Kinachoangusha madai ni ankara, na ankara huharibika safarini, kabla fomu haijafunguliwa.

Hesabu kwanza. VAT ya Uingereza ni asilimia 20, lakini bei ya hoteli huwa tayari inayo ndani yake. Watu wanne, kila mmoja na chumba chake, wakilala siku tano kwa pauni 180 kwa chumba, bili ni pauni 3,600. VAT yake ni pauni 600, yaani jumla gawanya kwa sita. Anayepiga asilimia 20 ya jumla anapata 720, na hapo anadai kodi ambayo hakulipa.

Malazi na chakula cha wafanyakazi wako vinadaiwa, pia kiingilio cha mkutano au maonyesho. Chakula cha kukirimu wateja usikiweke. Gari la kukodi mara nyingi hurudisha nusu tu ya kodi yake. Tiketi za ndege na treni hutozwa asilimia sifuri, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa. Kampuni za utalii zisome kwa makini: vyumba ulivyowanunulia watalii wako havimo, vya wafanyakazi wako vimo. Na kama una ofisi Uingereza, au unatakiwa kusajiliwa VAT huko, njia hii si yako.

Sasa banda la maonyesho, ambako fedha nyingi hupotea. Huduma nyingi ambazo kampuni huiuzia kampuni nyingine hutozwa kodi kule aliko mnunuzi. Banda lililokuja na huduma zake (ujenzi, umeme, samani), matangazo na ushauri wa kibiashara kwa kawaida havipaswi kubeba VAT ya Uingereza ikiwa mnunuzi yuko Arusha au Mombasa. Muuzaji akiitoza kwa makosa, HMRC hawairudishi, kwa sababu hiyo si kodi halali ya kudaiwa. Dai lako linabaki kwa muuzaji: akusahihishie ankara na akurudishie tofauti. Baada ya miezi kadhaa kupita, wauzaji huwa wazito kujibu. Mtumie uthibitisho wa usajili wako wa kodi siku unapoweka oda. Kiingilio cha mlangoni ni tofauti, kinatozwa pale tukio linapofanyika, na hicho kinadaiwa.

Ankara ya zaidi ya pauni 250 lazima ioneshe jina na anwani ya kampuni yako, namba ya VAT ya muuzaji, tarehe, maelezo ya huduma, kiwango cha kodi na kiasi chake. Chini ya hapo risiti fupi inatosha, mradi iwe na namba ya VAT. Karatasi ya mashine ya kadi haihesabiwi. Uthibitisho wa tovuti ya kuweka nafasi nao si ankara. Aliyekupa chumba ni hoteli. Waambie mapokezi siku ya kuingia, si asubuhi ya kuondoka wakati teksi inasubiri, kwamba ankara iandikwe kwa jina la kampuni. Hoteli kwa mazoea huandika jina la mgeni.

Mwaka wa madai unaanza 1 Julai hadi 30 Juni, na maombi yawafikie HMRC ifikapo 31 Desemba inayofuata. Gharama za Novemba 2025, basi, mwisho wake ni 31 Desemba 2026. Dai la mwaka mzima lisipungue pauni 16. La kipindi kifupi, pauni 130. Ambatanisha cheti cha mamlaka ya kodi ya nchini kwako kinachothibitisha kwamba kampuni imesajiliwa na inafanya biashara gani. Fomu VAT66A inatumika kwa hilo, ikigongwa muhuri na TRA au KRA. Cheti hudumu miezi 12, kwa hiyo kiombe mapema. Kukifuatilia wiki ya Krismasi ni kujitafutia presha.

Uamuzi unaweza kuchukua hadi miezi sita, na makato ya benki ya kutuma pauni ni juu yako. Hiyo ndiyo nyota niliyoipunguza.

Mawakala wapo, nao huchukua asilimia ya kinachorudi. Kwa bahasha ya ankara kumi za hoteli sioni sababu ya kuwalipa. Kwa kampuni yenye safari nyingi katika nchi kadhaa za Ulaya, kila moja na fomu na tarehe zake, hapo wanastahili ada yao. Ila hakikisha mkataba unasema fedha zinaingia akaunti ya nani.