Kukatiwa nguo za watoto Langoni: tathmini ya duka la vitambaa lenye fundi wake

Akina mama wengi wa Lamu wenye cherehani nyumbani wanaweza kushona mshono ulionyooka, lakini ni wachache wanaothubutu kutia mkasi katika kitambaa kipya. Kwa sababu hiyo, duka la vitambaa lililo katika kichochoro cha Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, limefanya jambo la busara kwa kumweka fundi wa kukata barazani, akiwa na meza yake, chaki yake na mkasi mzito, ili mnunuzi achague kitambaa, mtoto apimwe, kisha vipande vitoke vimekwisha kukatwa na kutiwa alama, tayari kwenda kushonwa nyumbani. Huduma hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa, pamoja na vitambaa na vikorokoro vya kushonea vinavyouzwa ndani, na ninazungumzia nguo za watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka sita, kwa kuwa ndizo ninazozishona.

Niseme mapema kwamba mkasi wa fundi huyo ndio unaonirudisha dukani. Vitambaa vyenyewe nitavieleza baadaye, na si kwa sifa tupu. Kazi yake huanza kwa kichwa. Kabla ya kugusa kifua au mabega, hupitisha futi ya kupimia juu ya masikio ya mtoto na kuzunguka paji la uso, kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa mno kikilinganishwa na shingo yake: mzingo wa kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja huwa takriban sm 46, na wa miaka mitatu huwa kati ya sm 48 na 50, ilhali shingo huwa kama nusu tu ya hapo. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha shingo bila mpasuko wa kutosha humliza mtoto kila anapovishwa, na mwisho wake huwa ni kuchanika. Fundi hukata mpasuko wa kifuani, akaukadiria ili mzunguko wa shingo pamoja na pande zote mbili za mpasuko upite kipimo cha kichwa kwa sm 2 au 3, kisha hukata na lisani ya kukaa nyuma ya mpasuko huo ili kifua cha mtoto kisionekane.

Kanzu ndiyo nguo inayoonyesha ujuzi wake wote. Kanzu nyingi za watoto zinazoletwa zikiwa tayari, nilizopata kuziona sokoni, zimekatwa kama fulana ndefu, vipande viwili vilivyounganishwa ubavuni, na ndiyo maana hupasuka kwapani kabla mtoto hajamaliza kuzichafua. Huyu hukata kwa utaratibu wa zamani: badani ya mbele na ya nyuma ikiteremka moja kwa moja kutoka begani, taharizi mbili, yaani vipande vya ubavuni vinavyopanuka kuelekea chini ili mtoto aweze kukimbia, na kikwapa, yaani kile kipande kidogo cha mraba kinachokaa kati ya mkono na taharizi. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua na kikwapa katika nguo ya mtoto ambayo itavaliwa mwaka mmoja tu, alinijibu, «Mwanangu, mkono wa mtoto haukai chini,» akaendelea na chaki yake. Ni kweli, mtoto anapoinua mkono kufikia komeo la mlango, kanzu yenye kikwapa hubaki pale ilipo, na isiyo na kikwapa hupanda yote mpaka magotini.

Kukishona kikwapa ni kazi ya subira, na hapa ndipo alama zake zinapofaa. Kila pembe ya mraba huwa ametia nukta ya chaki, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Unashona upande wa kwanza mpaka kwenye nukta, unasimamisha cherehani sindano ikiwa imezama katika kitambaa, unanyanyua mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa, unageuza kitambaa kwenye hiyo sindano, unashusha mguu na kuendelea na upande wa pili. Ukiipita nukta hata kwa mishono miwili, pembe itakunjamana na haitanyooka hata kwa pasi ya makaa. Mwenye cherehani ya mkono ana nafuu kuliko mwenye ya umeme, kwa kuwa anaweza kuzungusha gurudumu mshono mmoja mmoja.

Upindo wa chini huachwa mpana, wa vidole vitatu uliokunjwa mara mbili, na sijafu, yaani upindo wa mkono, hali kadhalika. Watoto wa miaka miwili hadi mitano huongezeka urefu kwa takriban sm 6 hadi 8 kwa mwaka, kwa hiyo kanzu ya Idd hii ikifumuliwa upindo na kushonwa upya huweza kufaa hadi Idd ijayo, isipokuwa kwa mtoto aliyenenepa ghafla. Fundi hupenda kuwakumbusha wateja washone upindo huo kwa mishono mirefu, ili kuufumua kusiache matundu.

Gauni la leso ni kipaji chake cha pili, na nitakaa nalo kidogo kwa kuwa wengi hulikosea. Leso moja huwa na urefu wa takriban sm 150 na upana wa takriban sm 110, nayo jina lake huandikwa katikati ya upande mrefu, juu kidogo ya pindo. Mafundi wenye haraka hukunja leso mara mbili na kukata vipande viwili vinavyolingana, cha mbele na cha nyuma, na kwa kufanya hivyo hulipasua jina katikati, mtoto akawa anatembea na nusu ya methali tumboni na nusu mgongoni. Huyu huukata ukanda mzima wa chini, wenye pindo na jina, kwa urefu wote wa sm 150, akaacha mshono mmoja tu nyuma, kisha ukanda huo ukatiwa marinda hadi ulingane na kifua cha mtoto. Jina hubaki zima mbele, pindo huwa ndiyo pambo la chini, na mji wa leso, yaani sehemu yake ya katikati, hutoa kifua, mikono, na mara nyingi kaptura ya kuvalia ndani. Leso ya pili hubaki kwa mama wa kujifunga, na siku ya Idd wanapotoka pamoja hakuna anayehitaji kuuliza mtoto ni wa nani.

Marinda hayo hayahitaji chombo maalumu. Hupigwa bandi mbili zinazokwenda sambamba, kwa mshono mrefu kabisa wa cherehani, nyuzi zikaachwa ndefu mwishoni, kisha zikavutwa taratibu huku marinda yakisambazwa kwa vidole. Bandi moja pekee haitoshi, kwa sababu uzi ukikatika katikati kazi yote huanza upya.

Sasa vitambaa. Muuzaji wa ndani ni mkarimu na hupima kwa haki, kitambaa kikiwa kimelala juu ya kipimo kilichopigiliwa mezani bila kuvutwa, lakini kila kitu kwake ni pamba. Popilini ni pamba, teteroni yenye poliesta ni pamba, na hata kile kitambaa king'aacho chenye maua ya dhahabu aliwahi kuniapia kuwa ni pamba. Kwa nguo ya mtu mzima hilo lingevumilika. Kwa mtoto mchanga katika joto la kaskazi, kitambaa kisichonyonya jasho ni mlango wa harara, shingoni na katika mikunjo ya mapaja. Dawa ni kuomba uzi mmoja ung'olewe ukingoni, uchomwe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini yanayopotea ukiyasugua. Uzi usio wa asili, kama poliesta, huyeyuka, hunuka, na kuacha punje ngumu. Muuzaji hakatai kufanyiwa jaribio hilo, nalo limekwisha kunionyesha kwamba popilini ya pamba tupu ipo, katika rafu ya juu, ila haiteremshwi mpaka mteja aitaje. Bafta yake ni nzuri kwa bitana. Teteroni naikubali kwa sare za watoto wa miaka mitano au sita, kwa kuwa hukauka upesi na haihitaji pasi, lakini chini ya umri huo siipendekezi.

Kasoro kubwa zaidi, ambayo naona ni ya duka na si ya fundi peke yake, ni kukata kitambaa papo hapo bila kumwambia mteja kwamba hakijarowekwa. Pamba isiyopata maji huweza kupungua kwa sm 3 hadi 5 katika kila mita inapofuliwa mara ya kwanza. Katika kanzu ya mtu mzima tofauti hiyo hukaa upindoni, lakini katika shingo iliyokadiriwa kwa sentimita mbili tatu za ziada, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kichwa kitapita au hakitapita. Mteja anayejua hununua kitambaa siku moja, akakiroweka nyumbani, akakianika kivulini na kukipiga pasi, ndipo akarudi kukatiwa. Fundi hanuni kuletewa kitambaa kilichofuliwa, bali asiyeulizwa hasemi, na mgeni wa kazi hii hawezi kujua la kuuliza. Kibao kidogo ukutani kingetosha.

Vikorokoro ni mchanganyiko. Sindano zinauzwa kwa namba, jambo ambalo si la kila duka: 70 au 80 kwa popilini na leso, 90 kwa vitambaa vizito vya sare. Uzi wa rola kubwa ni imara, lakini ule wa bei ya chini una manyoya yanayoonekana ukiunyoosha kwenye mwanga, na manyoya hayo hujaa katika nyumba ya bobini mpaka mashine ikaanza kuruka mishono. Na cherehani zetu, katika hewa hii ya chumvi, zina taabu ya kutosha ya kutu. Lastiki niliyonunua hapo ilikufa upesi, ikabaki kamba tupu kiunoni, na tangu hapo hununua kwingine. Vifungo ni vizuri, ila kwa mtoto ambaye bado hutia kila kitu kinywani, kila kifungo kishonwe kwa uzi uliokunjwa mara mbili na kufungwa fundo upande wa ndani, kisha kivutwe kwa nguvu kabla nguo haijavaliwa.

Kuna jambo moja ninalolipinga wazi. Mtindo wa magauni yenye kamba za kufunga shingoni umeingia, na fundi huukata kwa yeyote anayeuomba, hata kwa mtoto anayetambaa. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba za namna hiyo shingoni katika nguo za watoto walio chini ya miaka 7, kwa kuwa kamba ikinaswa mahali humkaba mtoto. Hapa kwetu hakuna haja ya kungoja sheria. Ukimwomba fundi kifungo kimoja na kitanzi nyuma ya shingo, atakukatia bila kuongeza bei, na nguo haipungui uzuri.

Vipande hukabidhiwa vikiwa vimekunjwa pamoja na kufungwa kwa utepe wa kitambaa hichohicho. Chaki hufutika njiani, hasa wakati wa unyevu, kwa hiyo naona afadhali vile vipasuo vidogo anavyovitia ukingoni kuonyesha mahali pa mkono na pa katikati ya kifua. Usipige vipande pasi kabla ya kuzisoma alama hizo. Maelezo ya maandishi hayapo. Aliyezoea hatapotea, lakini anayeanza atakwama kwenye lisani, na ingefaa aombe kuelezwa pale pale barazani, saa ambazo wateja ni wachache. Kingo zote huachiwa sm 1.5, na nafasi hiyo imekusudiwa mshono wa kufunika kwa sisi tusio na ovaloki, mashine ya kuzuia kingo zisifumuke: unashona kwanza upande wa nje, unapunguza ukingo, unageuza na kushona tena ndani, nyuzi zote zikazikwa katikati. Nguo ikigeuzwa hukuti ncha ya uzi inayoweza kumkwaruza mtoto.

Kuhusu gharama, kukatiwa kanzu ya mtoto hapo ni kama theluthi ya ujira wa kushonewa kanzu nzima, na gauni la leso ni nafuu zaidi. Hata hivyo, kwa nguo za kuchezea mchangani mitumba itabaki kuwa rahisi, wala sioni sababu ya mtu kukesha na cherehani kwa ajili ya kaptura itakayochakaa ndani ya wiki chache. Huduma hii inastahili fedha kwa kanzu, magauni ya leso na nguo za kulalia za pamba, ambazo ni shida kuzipata madukani zikiwa na kipimo cha mtoto wako.

Mwenye nia ya kwenda azingatie miezi. Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wanapoanza kumiminika kuelekea msikiti wa Riyadha na kila mwanafunzi wa madrasa anahitaji kanzu nyeupe, baraza hujaa na kipimo cha kichwa huanza kusahauliwa, mkumbushe. Ramadhani ni vivyo hivyo, na kumi la mwisho fundi hapokei kazi mpya ila kwa wateja wake wa siku zote. Ijumaa duka hufungwa kabla ya sala na kufunguliwa alasiri, kwa hiyo wanaovuka kwa mashua kutoka Manda, au kuteremka kutoka Shela na mtoto wa kupimwa, waje asubuhi ya siku nyingine, mtoto akiwa ameshiba.