Saluni ya kiume ya wabishi, Kansas City: kichwa dakika 30, ubishi saa tatu

Nianze na kichwa changu, maana ndicho nilichokilipia. Jumamosi ile niliingia saa nne na nusu asubuhi nikatoka saa nane kasorobo. Ukijumlisha dakika ambazo mashine ilikuwa inagusa nywele, hazizidi thelathini. Muda uliobaki kinyozi alikuwa ameining'iniza hewani, waya umemzunguka kiwiko, anamweleza dereva mmoja wa basi kwa nini Bobby Witt Jr., mchezaji wa Royals, timu ya besiboli ya hapa, ana thamani kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kukanyaga mji huu. Mimi nimekaa na shuka shingoni, upande wa kulia umeshuka, wa kushoto bado msitu.

Saluni yenyewe iko kaskazini-mashariki mwa Kansas City, upande wa Missouri, jirani na Independence Avenue, maeneo ambayo ukisimama kituoni unaweza kusikia Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura na cha kambi ya Nyarugusu kabla basi halijafika. Jina siliandiki. Nina malalamiko mawili matatu, na mwenye duka bado nataka aninyoe. Ukizunguka Jumamosi utaisikia kabla hujaiona.

Viti vitatu. Cha katikati ngozi imepasuka na imezibwa kwa selotepu ya fedha. Ukivaa kaptura kiangazi inakushika. Kichwa na ndevu dola 25, mtoto dola 15, unalipa taslimu au kwa simu. Mashine ni nzuri, spiriti haibaniwi, wembe hufunguliwa mpya mbele ya macho yako. Usafi sina neno. Foleni ndiyo ugonjwa: unaambiwa "wewe ni wa pili" na wa kwanza anakaa kitini saa moja na robo kwa sababu ameuliza swali kuhusu Mahomes, kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa Chiefs, timu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani.

Mwenye duka ni Mkongo, mtu wa Uvira, amekuja huku akiwa anajua kandanda tu. Mimi pia. Nimekulia Mwanza, damu yangu Simba, na mwaka wangu wa kwanza Marekani nilidhani besiboli ni watu waliosimama uwanjani kungoja mtu mwingine afike. Nilikuja kuielewa hapa, kwenye kiti cha selotepu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Kuna kitu wasaka vipaji wa besiboli wanakitumia, mizani ya 20 mpaka 80. Mchezaji anapimwa kwa mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, udakaji, na mkono wa kurusha. Hamsini ni wastani wa mtu wa ligi kuu. Sitini ni mzuri kweli. Themanini ni nadra, usiitaje ovyo. Hapa saluni mizani hiyo imehamia kwenye kila kitu. Chai ya tangawizi ya mke wa mwenye duka ni 70. Maandazi yake 60, yakipoa 45. Shati langu la kazini lilipewa 30 na mtoto wa miaka kumi na moja, na hakuna mtu mzima aliyenitetea.

Anayesimamia mizani ni yule dereva wa basi, mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyestaafu, havui kofia ya Kansas City Monarchs, timu ya zamani ya besiboli ya weusi, hata akinyolewa (anaisogeza mbele, kisha nyuma). Tunamwita Mzee tu, na jina hilo analipenda. Kiswahili chake ni neno moja, alilofundishwa na kinyozi: "Uongo!" Analitumia vizuri kuliko wengi wetu. Mtu akisema jambo, Mzee anamuuliza kwanza ameliona kwa macho yake au amelisoma kwenye simu. Ukisema umesoma, unakatwa alama kumi papo hapo.

Basi siku hiyo kijana mmoja wa bohari, Mrundi, akaingia na Xavier Worthy. Kwa msiofuatilia futiboli ya Kimarekani: kabla ya vijana kugawiwa timu wanapimwa, na kipimo kinachopigiwa kelele zaidi ni mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu. Worthy mwaka 2024 alizikimbia kwa sekunde 4.21, rekodi, na Chiefs wakamchukua akiwa wa 28 kuchaguliwa. Kijana akasema kwa mbio hizo hakuna beki duniani atakayemshika, ampe miaka mitatu atakuwa wa kwanza kwenye ligi.

"Uongo!"

Mzee akaweka kikombe chini. Akauliza rekodi ilikuwa ya nani kabla ya hapo. Kimya. Akajijibu mwenyewe: John Ross, 4.22, mwaka 2017. Cincinnati walimchukua wa tisa kwa ajili ya mbio hizo hizo. Na wa kumi mwaka ule alikuwa nani? Hapo duka zima likajibu kwa pamoja, hata mtoto aliyekuwa anachongwa: Patrick Mahomes. Kansas City walikuwa na nafasi ya 27, wakabadilishana nafasi na Buffalo ili wapande mpaka ya kumi wampate. Chicago walikuwa wameshamchukua kwotabeki wao, Mitchell Trubisky, wa pili. "Sijawahi kumsikia mtu akisifu mbio za Mahomes," Mzee akasema, au tuseme ndivyo kinyozi alivyotafsiri, akiongeza chumvi.

(Nikatize. Huku wanauita ugawaji huo drafti. Msiichanganye na ile drafti yetu ya vizibo vya soda, ingawa kwa jinsi timu zinavyoliwa kete kila mwaka, sioni tofauti kubwa.)

Kijana hakukubali kirahisi, na nilimpenda kwa hilo. Akaleta fainali ya Februari 2025, ile tuliyochapwa na Philadelphia 40 kwa 22: Worthy alifunga mara mbili. Nani mwingine alicheza siku ile? Mzee akamuuliza bao la kwanza alilifunga tukiwa ngapi. Tulikuwa 34 kwa bila. Kijana akacheka, akakaa. Lakini baadaye kidogo Mzee akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kumpita beki aliyechoka nayo ni kazi, wapo wasioiweza. Akampa Worthy 80 ya mbio na 50 ya mikono. Kijana akadai 55. Walipofika hapo mashine ikarudi kichwani kwangu kwa muda mfupi.

Muda mfupi, kwa sababu jina la Mahomes likishatajwa kinyozi lazima aoneshe. Nimeshaiona mara nne na sijaichoka. Anaachia mashine, anachukua kopo tupu la poda, anarudi hatua mbili kama anayekimbizwa, miguu inaelekea kwenye kioo, kiuno kimeshageuka mlangoni, na mkono haupiti juu ya bega kama wanavyofundishwa. Unapita ubavuni, chini, kama mtu anayerusha jiwe liruke juu ya maji ya ziwa. Kopo likatua kwenye mapaja ya dereva wa basi bila kugusa kikombe chake. "Hii siyo ya futiboli," kinyozi akasema. "Hii ni ya besiboli." Na ni kweli. Baba yake Mahomes alikuwa mrushaji wa ligi kuu ya besiboli, mtoto amekulia kwenye viwanja hivyo, na mwaka 2014 Detroit Tigers walimchagua kwenye raundi ya 37. Ile mikono ya pembeni makocha wa futiboli wangemkataza mtoto mwingine. Yeye alikuja nayo kutoka mchezo wa jirani, akakaa karibu mwaka mzima benchi nyuma ya Alex Smith, na mwaka 2018 akatoa pasi 50 za kufunga.

Ndipo ubishi ukahamia besiboli, na mwendo wake ukabadilika. Ubishi wa futiboli ni wa kelele, kwa sababu kijana akichaguliwa Aprili, Septemba yuko uwanjani na mjadala unaisha mapema. Wa besiboli ni wa mahakamani. Kijana anachaguliwa, anapelekwa ligi ndogo, analala kwenye mabasi miaka mitatu minne, anavunjika kidole, anabadilishiwa namna ya kusimama, na nyinyi mnaendelea kubishana tu. Witt alichaguliwa wa pili mwaka 2019, na mpaka 2022 ndipo Royals walipomwingiza kikosi kikubwa. Februari 2024 wakampa mkataba wa miaka 11, zaidi ya dola milioni 288. Watu wakasema wamepagawa. Mwaka huo huo akaongoza ligi yake kwa kupiga, .332, yaani akipewa nafasi elfu angefanikiwa 332. Homurani (mipira aliyoipiga ikavuka uzio) 32, vituo alivyoiba, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, 31. Kinyozi anampa 80 ya mbio na 70 ya kila kilichobaki. Mzee anampa 80 moja na anasema tumngoje afike miaka thelathini na tano.

Na hapa Mzee alituletea habari ambayo sikuijua, nikaenda kuihakiki baadaye nikitarajia kumpata kwa "Uongo!" yake mwenyewe. Albert Pujols, mtu wa homurani 703, alikuja hapa akiwa kijana kutoka Jamhuri ya Dominika. Alisoma sekondari ya Fort Osage, mwendo mfupi wa gari kutoka uwanja wa Royals, kisha chuo cha Maple Woods kaskazini mwa mji. Kila timu ilikuwa na nafasi ya kumwona. Royals wangeweza kwenda kwa gari na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 1999 akachaguliwa wa 402, raundi ya 13, na waliomchukua ni St. Louis, majirani wa upande wa pili wa jimbo! Ni kama Yanga wamsajili mtoto aliyekuwa anaokota mipira Msimbazi. Sababu zilikuwa zile zile za kijiweni: mnene, umri una shaka, atacheza nafasi gani. Mzee alipofika hapo hakupiga kelele. Aliikunja kofia akaikunjua.

Kijana wa bohari akauliza kama umri nao si hoja. Akajibiwa kwa Satchel Paige, wa Monarchs hao hao wa kwenye kofia: ligi kuu ilikuwa imefungwa kwa weusi, akaingia 1948 akiwa na miaka 42, na 1965, hapa hapa Kansas City, akiwa na 59, alirusha vipindi vitatu bila kufungwa. Mzee akatuambia tukishanyolewa twende jumba la makumbusho la ligi za weusi, 18th na Vine, tuache kubishana kuhusu watu tusiowajua. Nilienda Jumapili. Lina tathmini yake peke yake. Hapa niseme tu vaa viatu vya kutembea.

Sasa malalamiko, maana nilisema ninayo. La kwanza, mstari wangu wa mbele umepanda. Si sana, lakini mimi sina paji la uso la kuchezea. Kinyozi aliuchonga macho yakiwa kwenye skrini iliyo juu ya kioo, nami nilimwona kwenye kioo anaangalia skrini, nikaogopa kumwambia asije akastuka na wembe. Kwa kunyoa nampa 50 siku ya Jumamosi. Jumanne, hakuna mechi wala Mzee, ni 65, nimejaribu. La pili, ukiwa mgeni na hujui mchezo hata mmoja, hawakuelezi. Inabidi uulize kama mimi, na swali la kwanza watalicheka. La tatu, wanaotaka kunyamaza wamewekewa kiti kimoja pembeni na kipo chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.

Ukitoka Dar au Mwanza na unakikumbuka kijiwe cha kahawa, kashata mkononi, watu wanabishana nani angecheza Ulaya kama si goti lake, utajua umefika. Tofauti ni kwamba huku mtu akishindwa anakubali na kutaja namba, kule kwetu tungehamia kwenye ukoo wake.

Wenye mtoto mdogo wampeleke Jumanne au Jumatano. Wenye harusi wapite mbali. Jumatatu wamefunga.

Nilipofika nyumbani mke wangu alinigeuza dirishani kwenye mwanga, akanitazama paji la uso, akauliza huyo kinyozi alikuwa anaangalia wapi. Nikamwambia ukweli: kwenye skrini, marudio, Witt alikuwa anaiba kituo cha tatu.

"Alifika?" akauliza.

Alifika.