Miezi mitatu na programu ya kujifunzia Omaha Hi-Lo: uzoefu wangu

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikitumia programu ya simu inayofundisha Omaha Hi-Lo, aina ya poka ambayo dau lote lililokusanyika mezani, tunaloliita kapu, hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwenye seti bora ya juu, yaani karata tano zenye nguvu zaidi kwa kawaida ya poka, na mwenye seti bora ya chini, yaani tano zilizo ndogo zaidi. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu nina malalamiko nayo ambayo huenda yakawa yamerekebishwa utakapoyasoma haya. Ninaishi Kirumba, jijini Mwanza, na jioni tunakutana watu wanne kibarazani kucheza kwa vizibo vya soda, vilevile tunavyochezea drafti; fedha hatuweki.

Sisi tuliokulia kwenye karata za mtaani tumezoea kuyatupa magarasa bila kuyaangalia mara mbili, na ndiyo maana mchezo huu ulinichanganya mwanzoni. Jirani yetu mmoja mwenye umri mkubwa, alipochungulia karata zangu akaona mbili na tatu, aliniuliza, "Kijana, magarasa hayo unayang'ang'ania ya nini?" Nikamjibu, "Mzee wangu, humu ndiyo mali." Seti ya chini hutengenezwa kwa karata tano zisizolingana namba, zote zikiwa nane au pungufu, na ree huhesabiwa kuwa ndogo kuliko zote, iliyo bora kabisa ni ree, mbili, tatu, nne na tano. Kufuatana kwa namba au kuwa za aina moja, mambo yanayoipa nguvu seti ya juu, hakuiharibu, hivyo karata hizohizo tano zinaweza kushinda pande zote mbili na kubeba kapu zima. Asipopatikana mwenye seti ya chini, wa juu huchukua chote.

Kila mchezaji hupewa karata nne, kisha tano za pamoja hufunuliwa mezani: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Hapo ndipo sheria inayowaliza wengi inapoingia, nayo ni kwamba lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi wala si pungufu, ingawa mbili unazotumia kwa upande wa juu zinaweza kuwa tofauti na zile za upande wa chini. Mwenzetu mmoja alikuwa na ree ya kopa, na mezani kukawa na kopa nne. Akidhani ana seti ya kopa tano, alishangilia hadi majirani wakasikia, kumbe kwa kuwa mkononi alikuwa na kopa moja tu, hakuwa na kitu. Programu hulieleza jambo hili vizuri mno: mwisho wa kila mchezo huziinua mbili zako na tatu za mezani kwa rangi tofauti, ukaona kwa macho kilichohesabiwa. Kwa hilo peke yake ningeipendekeza kwa anayeanza.

Ilinifundisha pia uchungu wa karata kurudufiwa. Nilikuwa na ree na mbili, mezani zikatoka nne, saba na nane, nikajiona nimemaliza kazi. Karata ya tano ikawa mbili. Mbili yangu ikapoteza thamani, na mwenye ree na tatu akatengeneza seti ya saba, nne, tatu, mbili na ree, wakati mimi nilibaki na seti inayoanzia nane.

Lalamiko langu kubwa ni hili. Siku moja tulibaki watatu kwenye mchezo wa ndani ya programu, kila mmoja akiwa ameweka 40, kapu likawa 120. Wa juu alichukua 60, na mimi na mwingine, kwa kuwa sote tulikuwa na ree na mbili, tukagawana 60 iliyobaki, kila mmoja 30. Programu ikaniandikia "Hongera, umeshinda!" huku nikiwa nimepoteza 10. Kwa mgeni huo ni upotoshaji, kwa sababu kujua kwamba ushindi wa robo unaweza kuwa hasara ndiko kunakomfundisha mtu kutofukuzia upande wa chini peke yake, hasa wakiwa wamebaki wachezaji wachache.

Tafsiri yake ya Kiswahili nayo ni ya ovyo: kapu wameliita "sufuria", na wiki ya kwanza nilidhani ni tangazo la vyombo. Matangazo yenyewe ni mengi, hula bando, na kila ukiishiwa dau la bure unasukumwa ununue jingine. Mimi sinunui. Likiisha, ninazima simu na kurudi kwenye vizibo, na pale kibarazani aliyepata robo huambiwa kabla hajanyoosha mkono kwamba amekula hasara.